Bunduki Iliyoua Mno

Wenzangu wa rika langu, mliokulia pwani ya Tanga zamani za Mwingereza, mtanisaidia kukumbuka: nyama haikuwa chakula, ilikuwa habari. Samaki tulikula mpaka tukawaonea huruma. Lakini nyama ikiingia Mkwaja, hata mwenye homa aliinuka kitandani kuuliza imetoka wapi, imepatikanaje, na swali la tatu ambalo ndilo lililokuwa kubwa: nani kachinja?

Kwa ajili ya swali hilo, sisi watoto tulikuwa na mchezo ambao wajukuu wangu wakiusikia hunitazama kama mtu aliyepata kufungwa. Tulicheza kuchinja. Tukitoka chuoni kusoma Kurani, tulizunguka nyuma ya nyumba ya mwalimu, tukaangua mapapai mabichi, tukayalaza kuelekea kibla. Mmoja alishika miguu ya papai, ambayo papai halina, na mwingine akapitisha kisu cha bati huku akisoma Bismillahi kwa sauti nzito. Papai lisipotoa utomvu wa kutosha tulilitangaza kibudu na kulitupa kwa masikitiko yote. Mwalimu alipotukamata alituchapa sawasawa. Hakutuchapa kwa kufanyia dini mzaha. Mpapai ulikuwa wake.

Mchinjaji mkuu wa mapapai nilikuwa mimi, Mwanahawa, binti wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu mirefu kama ya korongo. Na hakukuwa na mvulana Mkwaja aliyenishinda mbio. Haya nayasema mapema, nisije nikaambiwa baadaye kwamba najisifu. Ni ushahidi.

Mchinjaji wa kweli wa kijiji alikuwa Mzee Mwinjuma, mwembamba, mkavu, goti la kulia bovu, na kisu alichokinoa miaka mingi mpaka kikabaki chembamba kama jani la mchaichai. Kazi yake ilikuwa kufuatana na wawindaji. Vijana wa leo hawalijui hili, kwa hiyo nalieleza: kwa wazee wetu, mnyama wa porini aliyepigwa risasi hakuliwa mpaka kisu kimfikie angali hai. Akifa kabla ya kisu ni kibudu, na kibudu ni cha fisi. Basi uwindaji wa Mkwaja haukuwa shabaha. Ulikuwa mbio.

Miaka yote hiyo mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu bunduki ya kijiji ilikuwa mbovu. Ami Bakari, mdogo wake baba, alikuwa na gobore la kushindilia baruti kwa mtutu, na gobore lile lilikuwa na adabu zake. Lilimwangusha mnyama, likampa maumivu na mshangao, lakini kuua halikuua. Mzee Mwinjuma alifika kwa nafasi yake, akasalimu, akachinja.

Mwezi wa Rajabu gobore likapasuka, likaondoka na nusu ya masharubu ya Ami. Na ilikuwa mwezi huo huo dada yangu Zuhura alipoposwa na kijana wa Mabawa, mjini Tanga.

Baba yetu alikuwa ameshafariki, na Ami ndiye aliyetulea. Harusi ya Zuhura ilikuwa amana mkononi mwake. Basi siku shangazi yake bwana harusi, Bi Rehema, alipokuja kumtazama binti, tulimtandikia mkeka mpya barazani, akala, akashiba, akasifu upepo. Kisha akasema, akijipepea kwa ncha ya kanga:

"Mkwaja pazuri, mashallah. Sijui tu wageni wetu mtawalisha nini. Papa?"

Mama akainamisha kichwa. Ami, aliyekuwa nyuma ya mlango akisikiliza mambo ya wanawake kama kawaida ya wanaume, akatoka na nusu ya masharubu yake.

"Watakula pofu, Bi Rehema," akasema. "Pofu mzima. Na mifupa mtafunga mwende nayo Mabawa."

Pofu ndiye mkubwa wa jamii yote ya swala. Ana uzito wa ng'ombe dume, na ngozi inayoning'inia kooni kama shuka iliyoanikwa. Maneno yalikwisha kutoka. Ami akaenda Pangani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akapewa kibali cha kununua bunduki ya maana, na leseni ya pofu wawili. Wawili, hakuna wa tatu; na Bwana Nyama, mlinzi wa wanyama, alijua kuhesabu.

Ami na Mzee Mwinjuma walipokwenda Tanga kuinunua, mimi nilikwenda nao kwa sababu ya jino. Asubuhi nikang'olewa hospitali, mchana nikakalishwa kwenye kibao cha duka la bunduki na pamba mdomoni, siwezi kusema neno. Nawashauri wote wanaopenda kujua mambo ya watu: ng'oeni jino. Mtu asiyeweza kusema husahaulika, na akisahaulika husikia yote.

Karani wa duka alikuwa Mgoa mmoja mpole, mwenye tai na miwani. Akaweka bunduki tatu mezani, juu ya kitambaa, kama anayeuza dhahabu. Ami akasimama mbele, Mzee Mwinjuma pembeni yake akiegemea bakora.

"Hii ni ya marisawa," karani akaanza. "Kanga, kwale, sungura."

"Pofu ataona anakunwa mgongo," akasema Mzee. "Weka."

"Hii ya pili ni ya risasi moja moja. Askari waliitumia vitani." Akatoa risasi yake, nyembamba kama penseli. "Kongoni, kuro, inatosha. Kwa pofu, sitawadanganya. Ataanguka, lakini huenda akahangaika kidogo."

Macho ya Mzee yakawaka. "Atahangaika kwa muda gani?"

"Samahani, mzee?"

"Kiasi cha mtu kusoma Fatiha mara moja? Mara tatu?"

Karani akavua miwani, akaifuta. "Nimekuelewa, mzee. Una huruma. Hutaki mnyama ateseke." Akaisukuma mbele bunduki ya tatu, nzito, kitako cheusi, na risasi yake nene kama kidole gumba cha mchukuzi wa bandarini. "Hii haina kuhangaika. Pofu, nyati, hata tembo. Risasi ikiingia hajui kilichompata. Papo hapo."

"Papo hapo," akarudia Mzee Mwinjuma kwa sauti ya kupokea msiba. "Sasa mimi nitachinja nini?"

Karani hakuelewa, na alipoona haeleweki akafanya wanalofanya wauzaji wote, akazidi kusifu. Akafungua kisanduku, akatoa darubini ndefu ya kufunga juu ya mtutu. "Na hii, mnyama akiwa ng'ambo ya ule uwanja, unahesabu kope zake."

"Ng'ambo ya ule uwanja," akasema Mzee, "kwa goti langu ni robo saa. Bakari, chukua ile ya pili."

Lakini Ami alikuwa ameshaitia jicho darubini, ameielekeza nje ya mlango. "Mwinjuma," akanong'ona, "kuna mtu kule mwisho wa barabara anachokonoa pua. Nakiona kidole."

"Umekuja Tanga kutafuta pua?"

"Ile ya askari nikitembea nayo, watu wa Mabawa watasema mimi mlinzi wa duka."

"Kwani watu wa Mabawa watakula bunduki?"

Ami akanunua ile kubwa, na darubini, na boksi la risasi nene. Njia nzima ya kurudi, juu ya lori la nazi, Mzee Mwinjuma alikaa amempa mgongo. Alitazama baharini tu, huku akilisugua goti.

Siku tatu bunduki ile ilikuwa mgeni wa heshima Mkwaja. Watu walipanga foleni kutazama ndani ya darubini. Bibi mmoja aliona kuku wake uani kwa jirani, ugomvi uliokuwa umelala tangu mwaka wa nyuma ukaamka. Ami alikaa barazani akiipaka mafuta ya nazi kitako, akituonyesha namna ya kuvuta pumzi kabla ya kufyatua, na sisi watoto tukaacha mapapai, tukaanza kukata mabua ya majani ya migomba, tukayafanya bunduki na kulenga mbuzi.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi tukaenda porini, upande wa kuelekea Saadani: Ami na bunduki, Mzee Mwinjuma na bakora, Kombo, kijana aliyepewa kisu cha Mzee akimbie nacho, na nyuma kundi la watoto na makapu ya kubebea nyama. Pofu walikuwa mbali sana, madoa ya rangi ya udongo ukingoni mwa mbuga. Ami akalala kifudifudi, akasoma Bismillahi, akavuta pumzi kama alivyotuonyesha.

Mlio ule naukumbuka kwa meno, hasa lile lisilokuwapo. Pofu mmoja akaanguka kama gunia la nazi lililotupwa kutoka ghorofani. Hakupiga hata teke.

"Kimbia!" akapiga kelele Mzee. Kombo akakimbia. Mimi nikakimbia pia, maana hakuna aliyenikataza, na nikafika wa kwanza. Pofu alikuwa amelala na jicho wazi, ametulia kama mtu aliyemaliza shughuli zake zote za duniani. Tukamngoja Mzee. Alipofika, akachuma unyasi, akagusa mboni ya lile jicho. Akagusa tena.

"Kibudu," akasema.

"Limepepesa!" akasema Ami, akihema. "Nimeona kope."

"Uliziona dukani. Hapa hazipo."

"Nilisoma Bismillahi kabla sijafyatua!"

"Risasi haikati, Bakari, inaponda. Ungekuwa mshale tungezungumza."

Na kama waliitwa, wakatokea watu wa kambi ya shamba la mkonge. Mbele yao Yohana, mnyapara wao, Mlutheri kutoka milima ya Usambara, mtu mwenye kicheko kikubwa na kapu kubwa zaidi. Kwao Walutheri na Wakatoliki, pofu alikuwa pofu tu, na huyu alikuwa na bahati ya kufa vizuri. Wakamkata, wakambeba, wakaimba. Jioni upepo ukatuletea harufu ya nyama ya kuchoma, na nyumba baada ya nyumba Mkwaja ikafunga madirisha.

Kesho yake Yohana akaja barazani, kofia mkononi. "Shikamoo, Mzee Bakari. Kambi nzima inakusalimu."

"Marahaba."

"Wamenituma ombi moja. Usibadilishe bunduki."

Mtu yeyote angecheka, na nusu ya kijiji ilicheka. Ami hakucheka. Jioni ile da Zuhura alitoka ndani, hina ya majaribio bado imo viganjani, akakaa chini karibu na miguu yake. "Ami," akasema taratibu, "hata papa si vibaya. Papa ukimpika na nazi..." Hakumaliza. Ami alimtazama kama aliyepigwa ile risasi nene. Sijamwona tena mtu mzima akiomba radhi kwa macho namna ile.

Alhamisi alfajiri tukatoka kwa pofu wa mwisho. Safari hii Mzee Mwinjuma ndiye aliyetoa amri. Kwanza aliazima bisibisi kwa Yohana, darubini ikafunguliwa, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Utasogea mpaka umwone kwa macho aliyokupa Mungu," akamwambia Ami. Kisha akamgeukia Kombo. "Na wewe utangulie na kisu, ukajifiche kwenye majani karibu yao."

"Mbele ya bunduki ya Ami Bakari?" akasema Kombo. "Mzee, mimi sijaoa."

Akaachwa abaki nyuma kama sisi wengine. Chini ya mti, hatua mia hivi kutoka tulipojificha, walikuwa wamekaa Yohana na wenzake na makapu yao. Walikuwa na chumvi tayari. Mmoja wao aliomba, macho kafumba, na sikuhitaji kuuliza anaomba nini. Kwa hiyo asubuhi ile watu wa dini mbili walimwelekea Mungu mmoja, wao wakiomba pofu afe upesi, sisi afe polepole.

Bila darubini, Ami alikuwa mlengaji wa kawaida, yaani mbaya. Alisogea, akatambaa, akasimama nusu, bunduki ikamtupa nyuma akakaa. Risasi ikampata pofu jike mgongoni, karibu na kiuno. Akaketi kama mbwa, miguu ya mbele ikisukuma ardhi, kisha akalala ubavu. Alikuwa hai! Ubavu ulipanda na kushuka, tuliuona.

Kombo akaondoka kama mshale, mimi nyuma yake. Tulipofika nusu ya njia mguu wake ukaingia kwenye shimo la muhanga. Alianguka kwa kelele, na kisu kikaruka, kikachoma mchanga mbele yangu.

"Anakata roho!" wakapiga kelele watu wa Yohana kwa furaha, wakiinuka na makapu. "Anakata roho!"

Nikageuka. Mzee Mwinjuma alikuwa mbali, anakuja kwa goti lile kama mtu anayepanda ngazi ya mchanga. Kombo ameshika kifundo, analia. Nikamfikiria Zuhura na papa wa nazi. Nikamfikiria Bi Rehema na ncha ya kanga yake. Nikang'oa kisu.

Pumzi ya pofu ilikuwa ya moto na ilinuka majani mabichi. Jicho likanitazama, likapepesa. Jua la asubuhi lilikuwa kuliani kwangu, basi kibla ni mbele. Nikamvuta pembe, nikageuza shingo, nikafanya kama nilivyofanya kwa mapapai yote ya mwalimu. Bismillahi, Allahu Akbar. Damu ikaruka mpaka kwenye ushungi wangu. Kibudu hakirushi damu namna hiyo.

Wakafika mmoja mmoja, wakasimama. Ami ndiye aliyeuliza: "Nani kachinja?"

Nilikuwa nimesimama na kisu, nimelowa. Lilikuwa swali la heshima tu.

Mzee Mwinjuma akapiga goti zima chini, akakagua shingo kwa kidole. "Umesoma nini?"

Nikamwambia.

"Mwaka jana nilikukuta na mapapai, nikakutwanga makofi."

"Ndiyo, babu."

"Nimekosea." Akainuka kwa bakora. "Kitabuni imesihi. Mwanamke anachinja, na mtoto mwenye akili zake anachinja. Ni halali, hakuna shaka."

"Alhamdulillahi!" akasema Ami.

"Ngoja. Kitabuni imesihi. Mkwaja haisihi. Na Mabawa ndiyo kabisa." Akakichukua kisu mkononi mwangu, akakifuta kwa majani, akakitia alani. "Mwanahawa, nenda kaoge mtoni. Ulianguka kwenye tope jekundu."

Tatizo likabaki moja: Yohana alikuwa amesimama pale, kapu tupu begani, anatabasamu. "Sisi tumeona," akasema.

"Mmeona nini?" akauliza Ami.

"Inategemea, mzee wangu."

"Mguu wa nyuma."

Yohana akawageukia wenzake, wakashauriana kwa macho. "Tumemwona Mzee Mwinjuma," akasema, "akikimbia kama swala."

Ijumaa wakaja watu wa Mabawa kwa malori mawili, na pilau ilinukia mpaka wakaanza kuisifu kabla ya kushuka. Bi Rehema alikula sahani ya kwanza akiwa na mashaka, ya pili akiwa na furaha, na katikati ya ya tatu dini ikamrudia. Akamwita Mzee Mwinjuma kwenye pazia la wanawake. "Mzee, shikamoo. Nyama hii nani kachinja?"

Mimi nilikuwa nagawa maji.

"Mwislamu safi, binti yangu," akajibu Mzee, ambaye hakupata kusema uongo maisha yake yote na hakutaka kuanzia pale. "Kwa kisu changu hiki. Kula kwa nafasi."

Bi Rehema akala kwa nafasi. Mifupa alifungiwa, akaondoka nayo.

Bunduki ile kubwa haikuua tena kitu cha maana. Iliishia kutisha nyani mashambani, kazi ambayo debe bovu lingeifanya. Darubini Mzee Mwinjuma hakuirudisha. Mwisho wa Shaabani alipanda nayo juu ya ukuta wa msikiti kutafuta mwezi wa Ramadhani, akauona kabla ya vijiji vyote vya jirani, na vijiji vyote vya jirani vikakataa kwamba ameuona. Mabishano hayo yalidumu kuliko bunduki.

Siri niliitunza mpaka juzi juzi, wote waliohusika wakiwa wameshatangulia, isipokuwa mimi na da Zuhura. Nilimwambia tukiwa tumekaa kwake Mabawa, wajukuu wakila kuku waliotoka kwenye mfuko wa nailoni, wakiwa wagumu kwa barafu, bila kichwa, bila jina, bila historia. Nilikuwa nimewauliza nani kachinja. Mmoja alinitazama, kisha akaitazama simu yake, labda jibu limo. Basi nikamsimulia dada yangu yote: shimo la muhanga, kisu mchangani, tope jekundu.

Zuhura akatafuna taratibu. "Nilijua," akasema. "Nilikiona kichwa jikoni. Shingo ilikuwa imekatwa kama papai."

Mwaka huo huo wajukuu walinipeleka kutembea upande ule wa Saadani, ambako sasa ni hifadhi. Pofu wapo, wachache. Gari la watalii lilisimama mbele yetu, na kila mtu ndani yake alikuwa na kamera yenye darubini ndefu kuliko ya Ami Bakari, ya kuhesabia kope. Wakalenga, wakavuta pumzi, wakafyatua wote kwa pamoja, bila mlio wowote. Pofu akainua kichwa, akatutazama, akaendelea kula.

Miguu yangu mizee ilishtuka chini ya kiti, ikitaka kumkimbilia. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna aliyekimbia.